Sura ya Sita: Ndoo, Mpira na Chumba cha Kompyuta

Ndoo iliwekwa umbali wa mita tatu. Mshiriki alipewa mpira mdogo wa tenisi, akaambiwa aurushe uingie ndani, mara 10. Kabla ya kurusha aliulizwa swali moja tu: unataka ulipwe vipi? Angeweza kuchagua kiasi fulani kwa kila mpira utakaoingia, basi. Au angeweza kuchagua mara tatu ya kiasi hicho, kwa sharti la kumshinda mtu mwingine asiyemjua, aliyekuwa upande wa pili wa jengo akirusha mipira vilevile. Akishindwa, aondoke mikono mitupu.

Mchezo huu waliucheza Wamasai wa Arusha, na pia Wakhasi wa kaskazini-mashariki mwa India. Wachumi watatu, Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List, walichapisha matokeo yake mwaka 2009. Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana. Wanawake waliochagua hivyo walikuwa asilimia 26. Kwa Wakhasi, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na mali ya familia humwendea binti wa mwisho, mambo yaligeuka: wanawake asilimia 54, wanaume asilimia 39.

Naanza na ndoo hii kwa sababu ya neno ambalo nimelisikia kwa walimu wengi. Wanasema: tulibandika tangazo la mashindano ya kompyuta ubaoni, wakajiandikisha wavulana watupu, basi wasichana hawapendi mambo hayo, tutawalazimisha? Mwalimu anayesema hivyo haongopi kuhusu karatasi ya majina. Majina ya wasichana kweli hayapo. Kosa liko kwenye ile "basi". Ndoo ya Arusha na ndoo ya India zilikuwa sawa, mipira sawa, malipo ya mara tatu yaleyale. Kilichobadilika ni mahali ambapo mwanamke alilelewa, na alichozoea kuambiwa kuhusu nani hutoka mbele za watu.

Wala hatuna haja ya kwenda India kutafuta wanawake wanaopenda kushindana. Waulize wazee wa Mombasa, Lamu au Unguja habari za lelemama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya ngoma za wanawake vya Mombasa, kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa karamu, kila upande ukitaka kuufunika mwingine. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango iliyokusanywa kwa utaratibu, na mipango ya miezi. Mtu aliyeiona ngoma ile hawezi kusema kwamba mwanamke wa Pwani anaogopa ushindani. Ila tutazame walivyoshindana: kwa kundi, mtaa mzima ukiwa nyuma yao, kwa jambo ambalo kila mmoja alijua ni lao. Hakuna aliyesimama peke yake mbele ya watu wageni kwake kujitangaza kuwa hodari.

Jambo hilo la kundi lina ushahidi wake. Mwaka 2007 Muriel Niederle na Lise Vesterlund walichapisha jaribio walilolifanya Pittsburgh, Marekani. Wanafunzi wa kiume na wa kike walijumlisha namba za tarakimu mbili, tano kwa mkupuo, kwa dakika tano. Walifanya vizuri kwa kiwango kilekile. Lakini walipoulizwa kama wanataka kulipwa kwa kushindana, asilimia 73 ya wanaume walikubali, na wanawake asilimia 35 tu. Miaka michache baadaye Andrew Healy na Jennifer Pate walirudia jaribio la namna hiyo, safari hii watu wakishindana wawili wawili. Pengo lile lilipungua kwa theluthi mbili. Hesabu zilikuwa zilezile na muda uleule. Badiliko kubwa lilikuwa mwenzako wa kukaa naye.

Yafuatayo katika sura hii yamesimama juu ya hoja moja ninayoiamini kwa moyo wote: shindano la shule linaweza kumvuta msichana kwenye kompyuta, au kumfukuza, na tofauti inatokana na namna lilivyoundwa. Tangazo lilelile, kompyuta zilezile, tuzo ileile; badilisha mlango wa kuingilia, uone nani ataingia.

Kwanza tuondoe uzushi kwamba kompyuta ni kazi ya kiume tangu asili. Mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na waliojifunza kuiamuru ifanye kazi ni wanawake sita. Wawili kati yao, Betty Jean Jennings na Betty Snyder, ndio waliotayarisha hesabu ya njia ya kombora iliyowaacha wageni vinywa wazi siku ile. Karamu ya usiku ikafanyika, nao hawakualikwa. Baadaye wanawake walizidi kuingia katika fani hii. Kufikia 1984 walikuwa wakichukua takribani asilimia 37 ya shahada za kompyuta nchini humo. Kisha wakaanza kushuka, mpaka wakafika karibu na asilimia 18.

Nini kilitokea? Jane Margolis na Allan Fisher walikaa miaka minne na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakiuliza swali hilo, na kitabu chao kikatoka 2002. Miongoni mwa waliyoyakuta ni jambo dogo la nyumbani: familia iliponunua kompyuta, mara nyingi iliwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume. Kijana alifika chuoni amekwisha kuichezea kwa miaka. Binti alifika akidhani yeye ni mjinga, kumbe amechelewa tu kuigusa. Chuo kilipobadilisha vigezo vya kuingia, kikaacha kumpa uzito mkubwa mtu aliyewahi kuandika programu na kikaweka madarasa ya kuanzia kulingana na uzoefu wa kila mtu, wanawake walitoka asilimia 7 ya walioingia mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000.

Kwetu, nyumba yenye kompyuta bado si nyingi. Lakini tazama simu. Jioni baba akiweka simu yake mezani, nani huruhusiwa kuichukua na kuichokonoa mpaka chaji iishe? Na wakati huo nani yuko jikoni, au kisimani? Miaka kumi ya jioni za namna hiyo ndiyo inayojitokeza kwenye ile karatasi ya majina ubaoni.

Sasa twende Kisumu. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 17, waliingia katika shindano la Technovation. Hili ni shindano la kimataifa la wasichana lililoanza Marekani 2010. Timu hutakiwa kutafuta tatizo katika jamii yao, kubuni programu ya simu ya kulitatua, kuandika mpango wa biashara na kutengeneza video ya kuieleza kazi yao. Wanakuwa na mlezi, mtu mzima anayeijua kazi, anayewaongoza kwa miezi kadhaa. Timu ya Kisumu ililelewa na LakeHub, kituo cha teknolojia cha mjini humo. Walijiita The Restorers, yaani warejeshaji, watu wa kurudisha kilichoharibika.

Tatizo walilolichagua lilikuwa ukeketaji. Wasichana hawa hawakutoka katika jamii inayokeketa. Walikuwa na mwanafunzi mwenzao, rafiki wa karibu, aliyekeketwa na asirudi tena shuleni. Kutokana na huzuni hiyo wakatengeneza i-Cut, programu ya simu yenye vitufe vichache vinavyoeleweka: msichana aliye hatarini abonyeze kuomba msaada, aliyekwisha kukeketwa aelekezwe kwenye kituo cha kumhifadhi, mtu aripoti tukio kwa vyombo vya dola, na mengine ya kupata habari na kuchangia. Kenya ilikuwa imepiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011. Wasichana hawa waliona kwamba kati ya sheria iliyo kitabuni na mtoto aliye kijijini kuna umbali, na kwamba simu inaweza kuufupisha.

Walifika fainali, wakasafiri hadi California mwezi Agosti 2017, wakiwa timu pekee kutoka Afrika mwaka huo. Tuzo kuu ilikwenda kwa wengine. Miaka miwili baadaye, 2019, Bunge la Ulaya liliwaweka miongoni mwa watatu wa mwisho wa Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ambayo mwaka huo alipewa msomi wa Kiuighuri Ilham Tohti, aliyekuwa gerezani China.

Ninapoisimulia habari hii mbele ya wazazi, huulizwa juu ya safari ya California. Mimi huwarudisha kwenye dawati tupu la yule rafiki. Pale ndipo shindano lilipoanzia. Hakuna aliyewaambia wasichana watano, "Njooni mjifunze msimbo, kuna zawadi." Waliulizwa: ni nini kinachowaumiza mahali mnapoishi? Walikuwa na jibu tayari, na kompyuta ikawa chombo cha kulifanyia kazi, kama sindano ilivyo kwa fundi. Msichana ambaye hajawahi kugusa kibodi anakuwa na kitu anachokijua kuliko majaji wote. Hiyo ni nguvu kubwa sana ya kumpa mtu siku ya kwanza.

Kuna njia nyingine, iliyo kimya zaidi, na ningependa ijulikane kwetu kuliko inavyojulikana sasa. Mwaka 2004 Valentina Dagienė wa Lithuania alianzisha shindano liitwalo Bebras, neno ambalo kwa lugha yake ni jina la mnyama mchapakazi anayejenga mabwawa mtoni. Bebras halihitaji kujua kuandika programu. Ni maswali mafupi ya kufikiri. Ngoja nitunge moja la kwetu. Mafundi cherehani wawili wana nguo nne za sikukuu. Ya kwanza inahitaji saa nne, mbili zinahitaji saa tatu kila moja, na ya mwisho saa mbili. Wagawane vipi ili wamalize mapema kabisa? Fundi akijitwalia ile ya saa nne pamoja na moja ya saa tatu, wateja watasubiri saa saba. Wakigawana nne na mbili kwa huyu, tatu na tatu kwa yule, saa sita kazi imekwisha. Mtoto anayelitatua swali hili amegusa tatizo lilelile la kompyuta inapogawa kazi kati ya vichakata vyake. Hajaona hata skrini.

Uzuri mkubwa wa Bebras uko pengine, hata hivyo. Mwalimu anaweza kulifanyisha darasa zima kwa pamoja, katika kipindi cha kawaida. Hakuna kujiandikisha ubaoni, hakuna kunyoosha mkono, hakuna kutazamana nani kathubutu. Karatasi zikirudi, msichana wa dawati la nyuma anakuta amewapita wavulana wawili wanaojigamba kila siku, na mwalimu anajua, na yeye anajua. Kuanzia hapo kumwita kwenye klabu ya kompyuta ni rahisi.

Umri nao una neno lake. Uingereza, shindano la wasichana la CyberFirst lilianzishwa 2017 na Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao. Baadaye likaja kuwalenga wasichana wa miaka 12 na 13, katika timu za hadi wanne, wakivunja mafumbo ya siri wakiwa shuleni kwao. Umri huo haukuokotwa. Ni muda mfupi kabla ya wanafunzi wa kule kuchagua masomo watakayofanyia mtihani. Kwetu Tanzania, kwa utaratibu tuliouzoea, mwanafunzi amekuwa akichagua mchepuo akivuka Kidato cha Pili. Mashindano mengi ya TEHAMA niliyoyaona yanawatafuta wasichana wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Tunafika sokoni watu wamekwisha kufunga vibanda. Msichana aliyeacha fizikia mwaka jana anaweza kushinda laptopu leo, akapigwa picha na mgeni rasmi, na njia ya kwenda kusomea kompyuta chuo kikuu ikawa imeshamfungikia. Tuanze na darasa la sita na la saba, na Kidato cha Kwanza.

Wapo wanaopinga mashindano ya wasichana peke yao. Hoja yao naiheshimu: kuwatenga ni kukiri kwamba hawawezi kushindana na wavulana. Majibu yangu ninayatoa kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki. Ilianza Bulgaria mwaka 1989, nchi huruhusiwa kupeleka wanafunzi hadi wanne, na mwaka baada ya mwaka ukumbi umejaa wavulana. Mlango ulikuwa wazi miaka yote hiyo. Ndipo 2021, ikiandaliwa Zürich, Uswisi, ikafanyika kwa mara ya kwanza Olimpiadi ya Informatiki ya Wasichana ya Ulaya, kwa mfano wa ile ya hisabati iliyoanza Cambridge mwaka 2012. Maswali ni magumu, na yanatatuliwa kwa programu halisi. Nchi inayotaka kushiriki inalazimika kutafuta wasichana hadi wanne, iwafundishe na iwasafirishe. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo faida: shindano hilo huwalazimisha watu wazima wakatafute. Msichana mwenye kipaji hubaki bila kuonekana kwa sababu hakuna aliyetumwa kumwangalia. Timu ya wasichana ya netiboli haijawahi kumfanya mtu aseme wasichana hawajui michezo. Tumeipeleka kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, kwa shangwe miaka yote.

Tanzania tunavyo vya kujengea. Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls jijini Dar es Salaam mwaka 2013, akaweka klabu shuleni ambamo wasichana hujifunza kutengeneza tovuti na programu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukikusanya wasichana wa shule za sekondari za serikali kwa mafunzo na mashindano yanayofungamana na Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Aprili tangu 2011. Nairobi ipo AkiraChix, Mombasa ipo Pwani Teknowgalz, zote zikiongozwa na wanawake waliokuwa wachache darasani mwao na wasitake wadogo zao wawe wachache vilevile.

Lakini nataka kusema juu ya siku inayofuata shindano, maana hapo ndipo tunapowaangusha watoto.

Niliwahi kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Kompyuta zilikuwa kama ishirini, safi, kila moja imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua pembeni, mithili ya redio ya sebuleni enzi zetu. Zilikuwa hazijawashwa kwa muda mrefu. Ufunguo ulikaa ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa safarini wilayani. Katika kabati la chumba hichohicho lilisimama kombe ambalo wasichana watatu wa shule hiyo walilishinda. Niliuliza wako wapi. Wawili walikuwa wamemaliza. Wa tatu alikuwepo, na aliponiona kwenye korido alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo," kisha akaniuliza kama mimi ndiye fundi niliyekuja kufungua chumba.

Sijaweza kulisahau swali lile. Alishinda kwa kompyuta ya kuazimwa, katika mafunzo ya siku chache mjini, akarudi kukuta mlango umefungwa. Tuzo ya laptopu moja kwa mshindi mmoja ni jambo jema, na familia yake ina haki ya kufurahi. Ila waandaaji, chonde, nusu ya fedha hizo ziende shuleni: kulipia umeme na intaneti kwa mwaka, kumpa mwalimu mmoja mafunzo ya kweli, na kununua kufuli lenye funguo mbili.

Ratiba nayo itazamwe. Klabu inayokutana saa kumi na moja jioni, kwa shule ya kutwa, ni klabu ya wavulana hata kama bango lake lina picha ya msichana. Saa hiyo binti anatarajiwa nyumbani, kuna maji ya kuteka na wadogo wa kuogesha, na giza likiingia njiani si salama kwake. Weka klabu ndani ya saa za masomo. Mwandikie mzazi barua, umwite, umwonyeshe mwanawe alichotengeneza. Nimeona baba aliyekuja amekunja uso akatoka akimwonyesha kila mtu kwenye simu yake ukurasa aliouandika bintiye. Na kwenye meza ya majaji wawepo wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo, ili mtoto aone kwa macho kwamba kazi yenyewe ipo na inamlisha mtu.

Kwa hiyo, mwalimu unayesoma sura hii, tangazo la shindano litakapofika mezani kwako, usilibandike ubaoni ukaondoka. Chukua daftari la mahudhurio. Chagua wasichana wanne, akiwemo yule asiyesema darasani lakini daftari lake la hisabati halina makosa. Waite kwa majina, uwaambie umewachagua na kwa nini. Waulize ni tatizo gani la mtaani kwao lingewauma wakiliacha. Kisha fungua chumba cha kompyuta, na ufunguo wa pili umwachie mmoja wao.